Sanamu ya mfalme juu ya farasi, Kinshasa: ilikwenda wapi?

Mtoto_wa_Mwanga (Kigoma)

Habari za saa hizi wakuu. Nina swali la historia, wajuzi wa Kongo naomba msaada.

Marehemu baba mdogo alikuwa baharia wa meli za ziwani, Kigoma na Kalemie, enzi hizo Kalemie bado inaitwa Albertville. Juzi tulipofungua sanduku lake tukakuta kadi ya posta, picha nyeusi na nyeupe. Kuna uwanja mpana, katikati msingi mrefu wa mawe, na juu yake mzungu mwenye ndevu za kufika kifuani amepanda farasi. Nyuma mtu kaandika kwa wino: Léopoldville. Hakuna tarehe.

Kwa zile ndevu nimejua ni Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, yule wa mpira na mikono iliyokatwa. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana hadithi yake. Binamu yangu aliyeishi Kinshasa anaapa mjini hakuna kitu kama hicho. Mwingine anasema Mobutu alikitupa mtoni. Wa tatu anasema kiliwahi kurudi, kikasimama siku moja tu halafu kikatoweka tena. Siku moja kweli?

Nishike lipi? Ilikuwa wapi hasa, nani aliiondoa, na bado ipo au iliyeyushwa ikawa masufuria?

Kobe_Mkongwe

Mkuu hiyo ilitupwa mto Kongo mwaka 1971 pamoja na ya Stanley. Mobutu hakuwa na mchezo na mambo ya wakoloni. Funga mjadala.

Fundi_Redio_Lushi

Jambo yenu wote. Kobe, usifunge, ndiyo kwanza tunafungua.

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, lakini Kinshasa nimekaa miaka mingi nikitengeneza redio na televisheni karibu na soko kuu. Huyo mzee wa farasi nimemwona kwa macho yangu, katika mahali pawili tofauti. Mto haukummeza.

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu wanachanganya wazungu watatu wa shaba. Leopold wa Pili ndiye mwenye farasi. Albert wa Kwanza, aliyerithi ufalme baada yake, alisimama kwa miguu yake mbele ya stesheni ya treni. Stanley alikuwa juu kilimani, Mont Ngaliema, akiuangalia mto. Huyo alichongwa na Mbelgiji Arthur Dupagne na kusimamishwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Ni Stanley ndiye aliyeng'olewa 1971, na alipoanguka akakatika kwenye vifundo, miguu ikabaki peke yake. Kobe, 1971 yako imetoka hapo. Ndugu wa Kigoma, Stanley huyo ndiye wa kwenu Ujiji, aliyemkuta Livingstone mwaka 1871. Alizunguka sana bwana yule.

Sasa huyu wa farasi. Asili yake iko Brussels, kwenye uwanja unaoitwa Place du Trône, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, ilizinduliwa 1926. Vinçotte mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Ya Kinshasa ni nakala ya ileile, na Mfalme Albert mwenyewe ndiye aliyekuja kuizindua mwaka 1928 alipotembelea Kongo na malkia. Kwa hiyo mpwa amesafiri wiki kadhaa baharini kuja kumfunulia kitambaa mjomba wake (nadhani ni baba yake mkubwa, kwa hesabu yetu, maana Albert alikuwa mtoto wa mdogo wake Leopold) katika nchi ambayo huyo Leopold hakuwahi kuikanyaga hata siku moja.

Hapo ndipo ninapochekaga. Leopold aliimiliki Kongo tangu 1885 mpaka 1908 kama mtu anavyomiliki shamba, halafu Ubelgiji ikachukua, naye akafa 1909. Hakuwahi kuona mto. Hakuwahi kuumwa na mbu wa Boma. Na farasi! Wazee wetu walibeba mizigo ya wazungu vichwani kutoka Matadi mpaka Kinshasa kwa sababu farasi na punda walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Kama Leopold angekuja kweli, asingefika juu ya farasi, angefika juu ya mabega ya watu. Lakini hakuna mchongaji aliyeagizwa kuchonga hilo.

Mahali pake palikuwa mbele ya jengo ambalo leo ni Palais de la Nation (ikulu), mtaa wa Gombe. Jengo lile lilijengwa miaka ya hamsini kwa ajili ya gavana mkuu. Na ndani yake, tarehe 30 Juni 1960, Mfalme Baudouin alisimama akasema uhuru huu ni matunda ya kazi iliyoanzishwa na akili kubwa ya Leopold wa Pili. Mnajua Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alivyomjibu muda mfupi baadaye kwa kuyataja mateso ya ukoloni. Kila aliyealikwa siku ile aliingia na kutoka akipita karibu na yule mzee wa farasi, na baada ya hotuba ya Lumumba uhuru ulishatangazwa na yeye bado yuko palepale. Akabaki miaka saba mingine.

Aliondolewa 1967, kwa amri ya Mobutu. Mwaka uliotangulia Léopoldville ilikuwa imebadilishwa jina ikawa Kinshasa, na Élisabethville yetu ikawa Lubumbashi. Tarehe 1 Januari 1967 Union Minière, kampuni ya shaba ya kwetu Katanga, ikatwaliwa na serikali. Septemba ya mwaka huohuo marais wa Afrika wakaja Kinshasa kwa mkutano wa OAU. Mimi siamini kama kuondoka kwa farasi mwaka ule ilikuwa bahati nasibu, ila hayo ni maoni yangu ya fundi redio.

Hakuyeyushwa. Aliwekwa kando, akasahauliwa pamoja na vyuma vingine, miaka thelathini na nane.

Kobe_Mkongwe

Sawa fundi, nimekuelewa. Lakini hiyo ya siku moja ni stori za vijiweni, au?

Fundi_Redio_Lushi

Si stori. Ni Alhamisi, tarehe 3 Februari 2005, na mimi nilikuwepo.

Wakati ule tulikuwa na serikali ya mpito, rais mmoja na makamu wanne. Waziri wa utamaduni aliitwa Christophe Muzungu. Jina ni lake halisi, sitanii, na mnaweza kufikiria jinsi mji mzima ulivyolichezea jina hilo wiki ile. Yeye ndiye aliyeamua Leopold arudishwe. Hoja yake ilikuwa kwamba tusimwangalie mfalme kwa ubaya wake tu, kuna na mazuri, na historia ni yetu yote. Basi wakamtoa alikokuwa, wakamleta mwisho wa Boulevard du 30 Juin, karibu na stesheni. Angalieni vizuri: barabara yenye tarehe ya uhuru! Zamani ile barabara iliitwa kwa jina la Albert, na ndiyo ileile ambayo siku moja kabla ya uhuru Ambroise Boimbo alimnyang'anya Baudouin upanga wake mbele ya kamera. Kama walitafuta mahali pa kuchokoza watu, walipapata.

Mimi nilikuwa kibandani, nimefungua redio ya mteja, mtu akapita anapiga kelele kwamba mundele (mzungu) wa farasi amerudi. Nikamwachia kijana wangu kibanda nikaenda. Hakuna sherehe, hakuna bendi, hakuna kitambaa cha kufunua. Sanamu ina urefu wa kama mita sita, na ukiizoea kwenye picha hujui ukubwa wake mpaka usimame chini ya tumbo la farasi. Shaba yenyewe imeshika rangi ya kijani na uchafu. Watu wamesimama, wengine wanacheka, vijana wengi hawajui hata ni nani. Kijana mmoja muuza maji alimuuliza mzee aliyevaa suti kama ni Mobutu alipokuwa na ndevu. Mzee hakujibu, alikuwa anatikisa kichwa tu. Mama mmoja mwenye beseni la mikate ndiye aliyesema neno nililolikumbuka zaidi: walimu wa watoto wetu hawajalipwa, na pesa ya kreni imepatikana.

Nilirudi kazini. Baada ya saa chache tu tukasikia wanamshusha. Wafanyakazi walewale. Hakuna aliyetoka kusema kwa nini aliletwa bila kuuliza mtu, wala kwa nini anaondolewa bila kueleza mtu. Kesho yake ilikuwa habari ya dunia nzima, sisi tuliobaki pale tuliona msingi mtupu.

Sasa nisikilizeni, hili ndilo linaloniudhi kuliko sanamu yenyewe. Watu wa nje wakisimulia wanasema Wakongo walimkataa Leopold. Nani alituuliza? 1928 aliletwa kwa amri. 1967 akatolewa kwa amri. 2005 akaletwa kwa amri asubuhi, akatolewa kwa amri kabla jua halijazama. Mwananchi kazi yake ilikuwa kupita na kukuta. Ningependa siku moja katika hizo zote tungeitwa hata kwenye uwanja tukagombane wenyewe kwa wenyewe, anayetaka abaki aseme, anayetaka ang'olewe aseme.

Mama_Safi_BXL

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu, niko Brussels tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Nafanya usafi wa ofisi karibu na metro ya Trône, kwa hiyo yule Leopold wa asili nampita alfajiri kabla hata ya Wabelgiji wenyewe kuamka.

Kaka Fundi, umeigusa Union Minière ukaipita haraka. Ile sanamu ya huku ina maandishi yanayosema kwamba shaba yake na bati lake vilitoka Kongo, na vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Mtu wa Lubumbashi umesikia? Mawe yametoka kwenu, yamechimbwa na baba zenu, yakavushwa bahari, yakawa farasi wa mfalme, na wakaandika kwamba ni zawadi.

Juu ya kuuliza watu, huku nako hawajaulizwa, ila watu wamejibu bila kuulizwa. Mwaka 2020, baada ya yule George Floyd kuuawa Marekani, Leopold wa Trône alipakwa rangi nyekundu. Sanamu yake nyingine, ya Ekeren huko Antwerpen, iliondolewa Juni ileile. Mwisho wa mwezi, siku ya miaka 60 ya uhuru wetu, Mfalme Philippe akamwandikia barua Rais Tshisekedi akieleza masikitiko yake kwa yaliyotendeka. Masikitiko, si msamaha. Sisi wa Matonge, mtaa wa Wakongo huku Brussels, tulilipima neno lile usiku kucha. Mwaka 2022 jopo la wataalamu lililoundwa na mkoa wa Brussels likatoa ripoti, na moja ya mapendekezo ni kumyeyusha huyu wa Trône iwe kumbukumbu ya waliokufa Kongo. Mimi bado nampita kila alfajiri.

Kuna na wa Ostend, mji wa baharini. Huyo naye yuko juu ya farasi, na chini yake wamewachonga Wakongo wanaomshukuru. Mwaka 2004 kikundi cha wenyeji wa mji huo huo, Wabelgiji weupe, walikwenda usiku wakakata kwa msumeno mkono wa mmoja wa wale Wakongo wa shaba. Waliosoma wanaelewa. Enzi za mpira, askari wa Leopold walitakiwa kuonyesha mkono wa mtu kwa kila risasi iliyotumika, ili ijulikane haikupotezwa porini kwa kuwinda nyama. Wengine wakipoteza risasi walikata mkono wa mtu aliye hai ili kutimiza hesabu. Nilimpeleka mwanangu wa mwisho kuuangalia mkono ule uliokatwa. Alikuwa na maswali mengi kuliko alivyowahi kuwa nayo darasani.

Mimi sikubaliani na kaka Fundi kwamba tungeitwa tugombane. Kuna vitu havihitaji kura. Mtu aliyefanya yale hakai katikati ya mji, basi.

Bwana_Msasani

Nimependa sana huu uzi. Niongeze kidogo kutoka huku Dar, maana Leopold na wanyama wakubwa ni habari ndefu.

Fundi kasema farasi walikufa kwa mbung'o. Leopold mwenyewe alilijua tatizo hilo la wanyama wa mizigo. Mwaka 1879 aligharamia tembo wanne kutoka India, pamoja na watunzaji wao, wakashushwa hapa Msasani. Lengo lilikuwa kuona kama tembo waliofugwa wanaweza kubeba mizigo kuingia bara, na kama wale wa Afrika wanaweza kufundishwa vilevile. Safari iliongozwa na Kapteni Carter, kuelekea Karema, kusini ya huko kwenu Kigoma, ambako chama cha Leopold kilikuwa kimejenga ngome kando ya ziwa. Tembo wakafa mmoja baada ya mwingine. Carter naye akauawa mwaka uliofuata akiwa anarudi pwani. Kwa hiyo kabla Kongo haijawa yake, huyu bwana alishapita kwetu kwa mkono wa watu wengine. Leo ukiwauliza wanaokula samaki Msasani kuhusu tembo wa mfalme wa Wabelgiji, watakuona umelewa.

Na kuhusu sanamu: Dar nasi tulikuwa na wetu, Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Hakuwa na farasi, alisimama, chini yake askari mweusi akimtazama juu. Alisimamishwa 1909. Waingereza walipoingia 1916 wakamng'oa, wakampeleka London, baadaye akarudishwa Ujerumani na kusimamishwa chuo kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wakamwangusha 1968. Sisi tukaletewa Askari mwaka 1927, mwenye bunduki na singe, na huyo ndiye aliyebaki mpaka leo pale Samora. Hata huyo hatukuulizwa, Fundi. Ila sijawahi kusikia mtu anataka atoke. Labda kwa sababu ni mwenzetu.

Swali langu: huyo wa Kinshasa yuko wapi SASA? Mmezunguka kote hamjamjibu kijana wa Kigoma.

Fundi_Redio_Lushi

Haki yako, Bwana Msasani.

Mama Safi, aksanti kwa hayo maandishi. Baba yangu alifanya kazi ya tanuru Lubumbashi mpaka mapafu yakakataa. Neno "bure" sitalisahau upesi. Na juu ya kura tuachane hivyohivyo, hatutapatana.

Jibu ni hili. Mwaka 2010, mwaka wa miaka hamsini ya uhuru, wale wazungu walisimamishwa tena, lakini si mjini. Wako Mont Ngaliema, kwenye bustani ya makumbusho, juu ya mto. Leopold yupo na farasi wake, Albert yupo na kofia yake ya jua, Stanley yupo. Ndiko nilikomwona mara ya pili, nimempeleka shemeji yangu aliyekuja kutoka Likasi. Ni mahali pazuri kweli, miti mikubwa, upepo, mto unaonekana chini unapoanza kuchafuka kuelekea maporomoko. Hakuna watu. Tulimkuta mlinzi mmoja na wanafunzi watatu waliokuja kusomea kivulini. Shemeji akasema huyu mtu wamempa kiwanja ambacho waziri angekipigania. Nikacheka, lakini maneno yake yana ukweli: ni uwanja wa kifahari kuliko ule wa mwanzo, tofauti ni kwamba hakuna anayelazimika kumpita akienda sokoni. Kwangu hilo linatosha. Anayemtaka apande kilima.

Na pale Gombe mbele ya Palais de la Nation, alipokuwa yeye, leo utakuta kaburi la Mzee Laurent-Désiré Kabila, na sanamu yake mwenyewe, kwa miguu, kidole juu. Binamu yako ameapa kweli: mjini farasi hayupo.

Mtoto_wa_Mwanga

Asanteni sana wakubwa, shikamooni wote. Nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo ile kadi ni ya kati ya 1928 na 1967, na kwa kuwa inasema Léopoldville basi ni kabla ya 1966. Baba mdogo alianza kazi ya meli 1957, kwa hiyo hesabu inakaa.

Fundi, mwezi wa nane nina safari ya Kinshasa kikazi. Naweza kwenda tu, au kuna taratibu?

Fundi_Redio_Lushi

Unaweza, mdogo wangu. Mwambie dereva Mont Ngaliema, makumbusho ya zamani, usiseme "makumbusho ya taifa" peke yake, maana atakupeleka Boulevard Triomphal kwenye jengo jipya la 2019 lililojengwa kwa fedha za Korea Kusini. Hilo nalo litembelee, lina vinyago na ngoma za kila kabila, lakini farasi hutamkuta.

Nenda asubuhi. Eneo lile liko karibu na mambo ya rais na ya jeshi, kwa hiyo simu ikae mfukoni mpaka ufike mlangoni, uombe ruhusa ya kupiga picha, ulipe kinachotakiwa na upewe risiti. Ukianza kupiga picha kutoka dirisha la gari utalala mahali ambapo hukupanga. Na kadi nenda nayo, wafanyakazi wa pale wazee wanapenda kuona picha za zamani. Mmoja wao anaweza kukuonyesha ni upande gani wa uwanja mpigapicha alisimama.

Ukimaliza nitafute, niko soko kuu bado.